Mlima Ulipogeuka Kichuguu: Jibu kwa Mwalimu Anayepiga Picha Akiwa na Baiskeli

Swali: "Shikamoo kaka. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Korogwe. Jumamosi nikipata nafasi napakia baiskeli kwenye basi hadi Mombo, halafu napanda nayo Soni na Lushoto, mara nyingine hadi Irente. Napiga picha kwa simu. Macho yangu yanaona mlima wa kutisha, bonde refu na ukungu, lakini nikifika nyumbani nikifungua simu naona kichuguu, anga jeupe na barabara tupu. Nimekutumia picha tatu: kona ya juu ya Soni, baiskeli yangu na bonde nyuma yake, na mzee aliyebeba majani ya ng'ombe karibu na kibanda cha ndizi juu ya Soni, ambaye uso wake umetoka mweusi tii. Je, ninunue kamera? Na nifanyeje nisisimame kila dakika, maana mlima ule ukisimama, kuanza tena ni kazi?"

Marahaba, mwalimu. Picha zako nimezitazama kwa utulivu, na barabara ile ya milima ya Usambara naijua kona kwa kona. Nimeipanda kwa baiskeli tangu nilipokuwa kijana wa kupiga picha za harusi Tanga mjini, nikiutamani mlima kila Jumapili. Nitaanza na swali lako la mwisho, kwa sababu mengine yote yananing'inia hapo.

Hutaki kusimama kila dakika, na una haki. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kama kilomita 33, na ndani ya hizo unapanda karibu mita 1,000. Anayeshuka kila akiona kitu kizuri atafika Soni miguu imekwisha na simu imejaa picha mia mbili zinazofanana. Simama mara nne au tano kwa safari nzima. Ila ukisimama, simama kweli: egesha baiskeli, kunywa maji, pumua mpaka mikono iache kutetemeka, tembea hatua ishirini mbele na ishirini nyuma, chuchumaa, panda juu ya jiwe. Simu ibaki mfukoni mpaka hapo. Picha zako zote tatu zimepigwa pale pale ulipokanyaga mguu chini, kwa kimo kile kile cha kifua cha mtu ambaye bado amekalia siti. Nimelijua hilo kwa sababu ukingo wa lami unapita chini ya picha zote tatu kwa namna moja, kama uzi mmoja ulioshona mashati matatu.

Utazichaguaje hizo sehemu nne au tano? Mimi huhesabu kwamba picha ya barabarani huchukua siku mbili, siku ya kuiona na siku ya kuipiga. Safari ya kwanza panda na kalamu na daftari dogo, simu iwe ya kupigia watu tu. Ukiona mahali, andika alama yake na saa unayodhani jua litapafaa. Kwenye daftari langu kuna mistari kama huu: "Baada ya daraja dogo, kushoto, mgomba mmoja mbele ya bonde. Saa moja asubuhi. Moshi wa jikoni." Mstari huo ulikaa miezi minne kabla sijaurudia, na nilipourudia moshi ulikuwepo, maana watu huwasha moto kila siku.

Baiskeli inaifaa kazi hii kuliko chombo chochote. Aliye ndani ya basi analiona bonde kwa sekunde tatu, tena kupitia bega la abiria mwenzake. Wewe kwenye mlima unakwenda kilomita saba au nane kwa saa. Unayasikia maji kabla ya kuyaona, unanusa mikaratusi, unajua ni kona ipi yenye ubaridi kwa sababu jua halijaifikia. Mambo hayo ndiyo yanayokuambia picha iko wapi. Tena jizoeze kugeuka nyuma. Wapanda baiskeli wengi hupanda wakitazama mbele na hushuka wakitazama lami, kwa hiyo sura ya bonde walilolipa kisogo hawaijui kabisa. Kila baada ya kona kubwa, ukishapata mahali pa salama, geuza kichwa.

Hilo la mahali pa salama naomba ulisome mara mbili. Barabara ya Mombo kwenda Soni imechongwa ubavuni mwa mlima, nyembamba, na malori ya kabichi na viazi hushuka nayo yakiwa yamejaa. Usisimame ndani ya kona hata kama mandhari yote ya Usambara yamekusanyika hapo. Dereva anayeshuka hakuoni mpaka amekufikia. Pita kona, tafuta sehemu iliyonyooka, itoe baiskeli nje ya lami kabisa, ndipo urudi kwa miguu ukiyatazama magari yanayokuja. Na ukishainua simu, usirudi nyuma hata hatua moja ukiwa unatazama kioo. Ukitaka kurudi nyuma, shusha simu, geuka, tazama, kisha rudi. Kingo nyingi kule hazina kizuizi.

Kupiga picha huku unaendesha nakukataza. Mkono mmoja ukishika simu, umebaki na breki moja. Kwenye mteremko, ikiwa iliyobaki ni ya mbele, utaruka juu ya usukani. Ikiwa ni ya nyuma, tairi litateleza kwenye mchanga wa kona. Mimi nina kovu refu kwenye kiwiko cha kushoto lililotokana na picha moja ya namna hiyo, na picha yenyewe ilitoka ukungu mtupu, kwa sababu usukani unatetemeka kuliko tunavyodhani. Simu pia usiifunge kwenye usukani kwa safari nzima ya rafu rodi. Apple wenyewe walitoa tahadhari mwaka 2021 kwamba mtetemo wa pikipiki zenye injini kubwa unaweza kuharibu mfumo unaotuliza lenzi ya simu. Baiskeli haina injini, lakini mawe ya njia ya kijijini hugonga kwelikweli. Weka simu kwenye begi la kiunoni, ikiwa imezungushiwa kitambaa, mahali ambapo mkono unaifikia mara tu umesimama.

Sasa picha yako ya kwanza, ile kona ya juu ya Soni. Mlima umekuwa kichuguu kwa sababu ya lenzi, na jambo hili ukilielewa umepata nusu ya unachotafuta. Lenzi kuu ya simu huona kwa upana, karibu nyuzi 70 kutoka kushoto hadi kulia. Ulipokuwa pale umestaajabu, akili yako haikuwa inatazama nyuzi 70. Ilikuwa imekikamata kilele peke yake, kitu kinachochukua labda nyuzi 10, na kusahau mengine yote. Simu haisahau. Imechukua lami, nyaya za umeme, majani ya pembeni, anga, na kilele chako kimebaki sehemu ya saba tu ya upana wa picha. Kukivuta karibu mara mbili kunarudisha kile ulichokuwa unakiona. Kama simu yako ina lenzi ya pili ya mbali, ya mara tatu, itumie bila woga. Kama ina lenzi moja tu, ishia mara mbili, kwa sababu kuvuta huko ni simu kukata picha na kuikuza, na zaidi ya hapo majani ya migomba yanageuka tope. Ile lenzi pana zaidi, yenye alama ya nusu, iache kwa vyumba vidogo. Milimani inaua milima.

Jambo la pili katika picha hiyo ni kwamba hakuna kitu cha kuupimia mlima. Jicho hupima kwa vitu linavyovijua: mtu, ng'ombe, nyumba ya bati, mgomba. Kona ile ya chini inaonekana kwenye picha yako, lakini iko tupu. Ungekaa dakika tano, lori lingejitokeza likishuka, dogo kama kiberiti, na mlima ulio juu yake ungekuwa mkubwa ghafla bila wewe kubadilisha chochote. Subiri lori. Subiri mama mwenye mwavuli. Mpanda baiskeli anayebeba mkungu wa ndizi kwenye keria, akiwa mdogo mwishoni mwa barabara, anaipa picha ukubwa kuliko lenzi yoyote ya bei.

Anga jeupe lina dawa nyepesi. Gusa wingu kwenye kioo cha simu, kitatokea kijua kidogo, kiburute chini mpaka wingu lionyeshe umbo lake. Vivuli vitaingia giza kidogo, na hilo si kosa. Na siku ambayo anga halina kitu, jeupe kama shuka, lipunguze mpaka libaki upana wa kidole juu ya picha, au likate lote. Bonde la Usambara halihitaji anga. Lina matuta, migomba, paa za bati, njia nyekundu inayopinda mpaka inapotea, na safu za vilima ambazo kila ya nyuma ni hafifu kuliko iliyoitangulia. Hewa yenye unyevu hufanya hivyo, nayo ndiyo inayoleta kina. Ukipiga kuelekea upande wa jua safu hizo hutengana vizuri zaidi kuliko ukilipa jua mgongo.

Ulituma picha hizo bila kutaja saa, lakini vivuli vimekusaliti: baiskeli yako imesimama juu ya kivuli chake. Ilikuwa baina ya saa sita na saa saba. Naomba nikae kidogo hapa, kwa sababu masomo mengi ya intaneti kuhusu upigaji picha yameandikwa na watu wa nchi za mbali na mstari wa ikweta. Wanasema juu ya saa nzima ya mwanga wa dhahabu asubuhi na jioni. Kwao ni kweli. Huko jua hupanda kwa mshazari, likisugua upeo wa macho muda mrefu, hasa majira ya joto. Lushoto iko chini kidogo tu ya ikweta, chini ya nyuzi 5 kusini, na kwetu jua hupanda karibu wima. Linakwenda nyuzi 15 kila saa, kwa hiyo nyuzi 6 za mwanzo, zile zenye mwanga mwekundu unaolala juu ya nyasi, linazimaliza kwa takriban dakika 25. Ukichelewa kifungua kinywa, umekosa. Mapema Machi na mapema Oktoba jua la adhuhuri hukaa utosini kabisa, na kivuli cha mtu huingia chini ya miguu yake.

Milima nayo ina ratiba yake. Bondeni jua halifiki linapochomoza. Lazima kwanza livuke mgongo wa mlima, na likishavuka tayari limepanda juu. Kwa hiyo asubuhi mwanga wa dhahabu utaupata kwenye vilele na kwenye njia zinazopita juu ya migongo, huku bonde lenyewe likiwa bado la buluu na limejaa ukungu. Picha iko kwenye mpaka wa hivyo viwili, na mpaka huo unasogea ukiuona kwa macho. Jioni geuza mambo. Genge la Irente, kilomita chache kutoka Lushoto mjini, linatazama magharibi, hakuna kinacholizuia. Chini yake iko tambarare, mashamba ya mkonge, barabara kuu, na ile reli ya Tanga iliyofika Mombo mwaka 1905, nyembamba kama mkwaruzo wa msumari. Asubuhi uso wa genge uko kivulini na picha inatoka imenuna. Fika saa kumi na moja jioni, na usiondoke jua likishazama. Dakika 20 zinazofuata, kabla giza halijaingia, zina rangi ambazo watu wengi hawajawahi kuziona kwa sababu walishaanza kurudi. Ila uwe na taa ya mbele, taa nyekundu ya nyuma na rifleta mwilini, na ulale Lushoto. Kushuka Mombo usiku kwa baiskeli nisisikie.

Saa za katikati, tuseme saa nne hadi saa kumi, ni za kuendesha na kuandika kwenye daftari. Ukitaka kupiga, ingia kivulini. Barabara inayopita msitu wa Magamba ni ya saa hizo hasa, ukungu ukishuka kwenye miti mikubwa mwanga unakuwa laini kama wa chumbani. Mlalo kuna zile nyumba za ghorofa za udongo zenye baraza za mbao; chini ya paa zao mwanga wa adhuhuri unarudi kutoka kwenye ardhi nyekundu na kupaka kila kitu joto. Kuhusu majira, mimi napenda siku mbili tatu baada ya mvua ya vuli, vumbi la tambarare likishaoshwa. Juni na Julai kuna baridi na mawingu mengi, siku nyingine unarudi bila kuona kilele hata kimoja.

Nikiwa hapo, nikushauri uiache lami. Barabara ya Mombo hadi Lushoto ichukulie kama ngazi ya kukufikisha juu. Picha zako ziko kwenye matawi. Toka Soni uelekee Bumbuli, upande wa mashamba ya chai. Au pita Magamba na Lukozi mpaka Mtae, zaidi ya kilomita 50 kutoka Lushoto, kijiji kilichokaa juu ya mgongo mwembamba, bonde huku na bonde huku, na tambarare ya Mkomazi chini yake. Huko gari moja likipita umesahau la kwanza. Barabara ikiwa tulivu, hata mtu anayepita ana muda wa kusalimiana, na wewe una nafasi ya kulala chini katikati ya njia upige mawe yaliyo mbele na mlima ulio mbali katika picha moja. Kwenye lami ya Soni jambo hilo huliwezi.

Picha yako ya pili ni baiskeli. Sina ugomvi nayo, ni mambo madogo tu. Igeuze upande wenye mnyororo utazame kamera, ndiko kuna vyuma vya kuvutia. Usiiweke katikati, iweke theluthi ya picha, gurudumu la mbele likielekea kule kwenye nafasi, kama inayotaka kuondoka. Hakikisha usukani haujagongana na mstari wa upeo wa macho, maana hapo ulipo unaonekana kama umeota mlimani. Chuchumaa kidogo. Ukilazimika kuilaza, ilaze upande wa kushoto; gia ziko kulia, na jiwe moja likizipinda utatembea kwa miguu hadi Lushoto.

Najua utataka pia uonekane wewe mwenyewe ukiendesha, na huna mwenzako. Egemeza simu kwenye jiwe, iwashe video ya ubora wa juu kabisa iliyo nayo, rudi nyuma ya kona, kisha pita ukiendesha kawaida. Nyumbani chagua fremu unayoitaka, yaani picha moja kati ya zile nyingi zinazounda video, na uihifadhi kama picha. Video ya 4K ina pikseli 3,840 kwa 2,160 katika kila fremu, megapikseli 8 na zaidi, inatosha kuchapa saizi ya ukurasa wa daftari. Fanya hivyo mchana kweupe, kwa sababu mwanga ukipungua miguu yako na spoku vitavutika kama moshi. Na simu yako iweke mahali unapoweza kuiona muda wote.

Kabla sijafika kwa mzee, nijibu la kamera. Bado usinunue. Kwanza futa lenzi. Sifanyi mzaha, mwalimu: ule weupe mwepesi kama maziwa ulio katika picha zako zote, unaozidi pale jua lilipo karibu, si ukungu wa Usambara. Ni jasho na mafuta ya kidole. Simu inakaa mfukoni, mfuko unaloa, mkono unashika lenzi kila ukiitoa. Beba kipande cha khanga kuukuu kilichofuliwa mara nyingi, kikae ndani ya nailoni kisipate vumbi, ufute kabla ya kila picha. Ukishuka kutoka Mtae au Magamba asubuhi ya baridi ukafika Mombo kwenye joto lenye unyevu, lenzi itapata jasho lake yenyewe. Iache dakika kumi ndani ya begi izoee hewa. Fedha uliyotaka kununulia kamera, sehemu yake nunua helmeti nzuri, taa na pawabenki. Mwakani, ukishajaza daftari zima na kurudia sehemu kumi, ukiona simu imekushinda kwa jambo unaloweza kulitaja kwa jina, hapo niandikie tuzungumze habari ya kamera ndogo iliyotumika. Usinunue ile kubwa ya kuning'iniza shingoni. Kwenye mlima itakupiga tumboni kila ukikanyaga pedeli, na ukianguka utaangukia juu yake.

Sasa mzee. Nimeiacha picha hii mwisho kwa sababu ndiyo bora kati ya tatu, na ndiyo iliyonitia wasiwasi.

Uso wake umekuwa mweusi kwa sababu nyuma yake kuna anga. Simu hupima mwanga wote inaouona na kutafuta wastani. Anga ni jeupe na kubwa, kwa hiyo imepunguza mwanga wa picha nzima, na ngozi yetu ndiyo iliyolipa gharama. Kumgusa usoni kwenye kioo na kuburuta kijua juu kungemtoa, ingawa anga lingeungua. Njia bora ni kubadilisha kilicho nyuma yake. Barabara ile ina ukuta wa udongo mwekundu upande wa mlima. Ungesogea hatua sita kushoto, ukuta ule ungekuwa nyuma yake, na uso wake ungesomeka pamoja na mikunjo yote. Na kama jua ni la adhuhuri, kivuli cha kofia na cha mzigo huficha macho. Mwombe asogee chini ya mti au penye paa, akitazama kule kwenye uwazi. Ngozi nyeusi kivulini, ikipokea mwanga laini kutoka upande mmoja, inang'aa kwa namna ambayo jua kali haliwezi kuitoa.

Lakini huwezi kumwomba mtu asogee kama hata kumsalimu hujamsalimu, na picha inaniambia hukumsalimu. Anatazama kando ya barabara, bega limekaza, ni mtu aliyeshtuka kuona simu imeinuliwa. Naliandika hili bila kukulaumu, kwa sababu nami nililifanya. Miaka mingi iliyopita, njia ya Lukozi, nilimpiga picha mama mmoja aliyebeba kuni bila kumwambia neno. Alitua mzigo chini, akanitazama, akaniuliza: "Mwanangu, umechukua nini?" Sikuwa na jibu. Nilitoa shikamoo iliyochelewa, nikamwonyesha picha, akaitazama muda mrefu, akasema ni nzuri lakini ni yangu, si yake. Picha pekee aliyokuwa nayo ya uso wake ilikuwa ya kitambulisho. Tangu siku ile nashuka kwenye baiskeli kwanza, nasalimu, naeleza natoka wapi, naomba. Wengine hukataa. Nawashukuru, naendelea na safari. Wanafunzi wakinizunguka wakitaka kupigwa, kama unavyojua mwenyewe watakavyokuzunguka, napiga ikiwa yupo mzazi au mwalimu wao wa kumwomba, na sura zao sizisambazi. Kambi ya jeshi, kituo cha polisi na magereza vikiwa njiani, simu hubaki mfukoni mpaka nimevipita.

Kuwa na baiskeli kunakurahisishia kuomba. Umefika na jasho, umechoka kama yeye alivyochoka, mizigo yenu mnaweza kuilinganisha. Mwulize mlima uliobaki ni mkali kiasi gani, na mpe nafasi ya kukucheka ukimwambia umetoka Mombo. Mkishazungumza, mabega yake yatashuka yenyewe, na hapo ndipo picha ilipo.

Kwa hiyo safari yako ijayo iwe ya kumrudia. Umeandika kwamba ulimkuta karibu na kibanda cha ndizi juu ya Soni, na majani ya ng'ombe hukatwa kila siku, bila shaka wenye kibanda wanamjua. Ichape ile picha kwanza, hata kama uso ni mweusi. Iongezee mwanga kidogo kwenye simu, nenda nayo studio yoyote Korogwe, saizi ya postikadi, karatasi mbili. Zitie kwenye nailoni ngumu katikati ya daftari zisikunjike. Panda mapema, upite Soni kabla ya saa mbili, waulize wenye kibanda, umkabidhi kwa mikono miwili. Akiridhia kupigwa nyingine, ukuta mwekundu uko kushoto kwake, na saa hizo jua litakuwa bado liko chini kiasi cha kuingia chini ya ukingo wa kofia yake.